Wimbo Ambao Bibi Yako Hakunipa

Mektilda, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu tangu ulipotoka kwenda Kilakala kuwaaga wenzako. Ya kwanza ilianza kwa kukuuliza hali, nikacheka peke yangu, maana asubuhi tumekunywa uji meza moja na hali yako naijua. Ya pili ilianza na mambo ya pasipoti na baridi ya huko, nikaona hayo unayajua kuliko mimi. Hii ya tatu sijui nitaifikisha wapi. Dawa za moyo zinanifanya nichanganye siku, leo nadhani ni jana. Lakini jambo ninalotaka kukuandikia sijalichanganya. Ni moja tu. Ukiona nazunguka, ujue naogopa kulifikia.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka Matombo ukaniuliza, "Baba, nimewakosea nini watu wa kwa mama?"

Ulikuwa umepanda kwenda kuwaaga. Ulibeba vitenge na sukari, nao wakakupokea kama mgeni wa serikali: kiti cha mbele, maji kwenye glasi, maswali ya mvua. Mjomba wako Deo aliitikia shikamoo yako akaendelea kunoa panga lake. Mama yako mdogo Felista, ambaye ulipokuwa mtoto alikubeba mgongoni mpaka mtoni, hakutoka jikoni. Na hawakukupa chakula. Ulisema hilo mara mbili, kwamba umerudi na njaa kutoka kwenu.

Nikakujibu bila kukutazama kwamba hawapendi mambo ya muziki wa kwenye kumbi za pombe, kwamba ni watu wazima, watazoea. Ukaenda kujikaangia yai. Jibu lile lilikuwa uongo, Meki. Na katika jambo hili haukuwa uongo wangu wa kwanza. Ulikuwa wa tatu.

Nikuambie kwanza kwa nini siwezi kuuacha ukae. Sisi Waluguru mtoto ni wa mama yake. Nimekulea, nimekupa jina langu kwenye vyeti, lakini ukoo wako ni ule wa Anastazia mama yako, shamba lako liko kwao, na siku yako ikifika, iwe mbali sana, watakuzika kwao. Daktari ameniambia nisipange mambo ya mwakani. Alisema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili yeye mwenyewe awe na hakika. Nyumba hii nimeiandika kwa jina lako, na wapwa zangu wa kwetu Mlali, ambao kwa mila ndio warithi wangu, wamekubali, lakini nyumba ni matofali. Ukirudi kutoka Uturuki hutanikuta. Kwenu patakuwa kule ulikotoka na njaa, au hapatakuwepo.

Nianze na Fundi Riza, maana kumzungumzia yeye ni rahisi.

Unakumbuka alivyohamia chumba cha uani wakati reli mpya inapita hapa mjini. Alikuwa Mturuki, mchomeleaji wa reli ile, mikono yake imejaa makovu madogo kama ya mpishi wa chapati. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini: lete, shika, bado, tayari. Jioni alikaa barazani na kile chombo chake chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu, saz, akapiga nyimbo za kijijini kwao, naye akiimba amefumba macho kama mtu anayesikiliza habari mbaya kwenye simu. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri majibu. Ulimwomba ujaribu. Akakupa, akakuambia, "Shika." Kisha mwezi mzima akakuambia "Bado." Mama Joyce wa jirani alikuwa akipita anakutania, "Meki, bado?" nawe unamjibu, "Bado, mama." Siku aliposema "Tayari" ulikimbia mpaka kwangu nikiwa bafuni.

Mimi nilikidharau chombo kile. Miaka yote ya kazi nilifundisha kwaya kwa do re mi, na nilikuwa nikijua kwamba kila sauti ina nyumba yake. Niliangalia vifundo vya nailoni vilivyofungwa kwenye shingo ya saz nikamwambia Riza kwamba vingine vimefungwa vibaya, kuna kimoja kimekaa katikati, mahali pasipo na noti. Alicheka mpaka akaweka chombo chini. "Mwalimu," akasema, "hii wewe bado."

Alipoondoka alikuachia saz yake ya zamani. Ukaitia waya. Ukaleta kompyuta, ukaleta kile kikanyagio cha mwangwi, cha rangi ya machungwa, na sauti ikawa inatoka imelowa, inazunguka ukutani kana kwamba chumba kimejaa maji. Uliniambia vijana wa Uturuki walianza zamani, kabla hujazaliwa, kuzichukua nyimbo za bibi zao na kuzitia umeme mpaka msikilizaji asijue kama yuko macho au anaota, na kwamba mpwa wa Riza huko Istanbul anafanya hivyo mpaka leo. Ndiye aliyesikia kazi zako, ndiye anayekuita. Mtoto wa Kiluguru anaimba nyimbo za milima ya Uturuki, na Riza kwenye simu anasema matamshi yake ni mazuri kuliko ya mpwa wake. Parokiani wakiniuliza unafanya nini nasema unapiga gitaa la Waturuki. Sijui niseme nini zaidi. Sidhani kama nimeuelewa muziki wako hata siku moja, lakini nimeusikiliza kila siku kupitia ukuta, na hilo nalo nadhani ni kitu.

Siku moja kupitia ukuta ule nikasikia kile kifundo kisicho na noti. Ulikuwa unakirudia, unakivuta. Nilikuwa navaa viatu. Nikaketi kitandani na kiatu kimoja. Sauti ile nilikuwa nimeisikia mahali pamoja tu maishani mwangu, kabla hujazaliwa, na haikutoka kwenye nyuzi. Ilitoka kooni mwa Paskalia, bibi yako, mama yake mama yako.

Basi nimefika.

Nilipomwoa mama yako nilipangiwa shule ya kijijini kwao, kule mlimani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na imani kubwa kwamba hakuna sauti ya binadamu isiyoandikika. Bibi yako na mimi tuliishi kama mkwe na mkwe wanavyoishi. Akiniona naja njiani anakata kuingia shambani, nami nasimama nikitazama upande wa pili mpaka apite. Sikuwahi kula mbele yake. Neno lake kwangu lilipitia kwa mama yako au kwa Deo. Hiyo haikuwa chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi si mgeni niseme sikuijua. Kwetu Mlali ni hivyo hivyo.

Yeye ndiye aliyekuwa akiwafunda wasichana. Mwali akiwekwa ndani, bibi yako anaitwa, wanawake wanaingia, na kinachosemwa na kuimbwa humo si cha mwanamume yeyote, sembuse mkwe. Mwaka ule mwali alikuwa Felista, mdogo wake mama yako, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nyumba haikuwa mbali na shule. Mchana darasa likitulia nilisikia wimbo mmoja ukivuka bonde, nikajaribu kuuandika ubaoni. Sikuweza. Kulikuwa na sauti pale inayokaa kati ya mi na ile inayoifuata, haiji huku wala haiendi kule. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Wanafunzi wakadhani ni hesabu.

Nikamtuma mama yako akamwombe mama yake aniimbie taratibu, nje, mbali, kwa ajili ya kuandika tu. Mama yako alicheka siku mbili kabla ya kukubali kwenda. Jibu alilorudi nalo nalikumbuka neno kwa neno: "Mama anasema, mwambie mwalimu, sisi za kwake za kanisani hatujamwomba."

Hapo ndipo palikuwa pa kukoma. Hata Riza aliponiambia "wewe bado" nilikumbuka kwamba nilikwisha kuambiwa zamani, na mtu aliyesema vizuri kuliko yeye.

Misheni walikuwa na redio ya kaseti kwa ajili ya kwaya, inakaa kwangu. Jumamosi moja, au ilikuwa sikukuu, watu walikuwa wengi, niliiweka ndani ya kapu, nikaifunika kwa majani ya mgomba, nikapita nyuma ya nyumba ya mwali wakati wanawake wamekwenda kuchota maji. Nikaacha kapu juu ya kuni, chini ya upenu. Waliporudi na kuanza, nilikuwa nimekaa kwenye migomba, hatua ishirini hivi, nimeipa nyumba mgongo. Nimejiuliza sana kwa nini niligeuza mgongo. Nadhani niliona kugeuka kunapunguza kosa.

Nilisikia kila kitu. Mengine ni Kiluguru cha zamani ambacho sikukielewa, mengine nilielewa, na siandiki hapa hata neno moja. Upande wa kaseti ulipokaribia kuisha vumbi la majani lilinipanda kooni.

Ulipoanza kuifanyia kazi kaseti ile uliniuliza ni nani anayekohoa mwishoni. Nikakuambia ni mzee fulani aliyekuwa akipita. Ukasema kikohozi chake kina mdundo mzuri. Ukakikata, ukakirudiarudia chini ya saz, kikawa ndicho ngoma ya wimbo wako. Ni mimi, Meki. Watu wa mji huu wamecheza kwenye kikohozi cha mwizi.

Na wimbo wenyewe sikuweza kuuandika hata nilipokuwa nao. Nilisikiliza kwa wiki nzima, mlango umefungwa, kisha nikaifunga kaseti kwenye shati na kuitia chini ya sanduku la bati. Mama yako sijui kama alijua. Tulipohamia mjini hapa alilibeba sanduku lile kwa mikono yake mwenyewe, hakumruhusu mpagazi. Wakati mwingine nadhani alijua. Wakati mwingine nadhani lilikuwa na vyombo vya kuvunjika.

Sasa kuna jambo lingine, na hili nililikumbuka vizuri miezi hii tu nilipoanza kulala mchana. Labda ndilo kubwa kuliko la kaseti.

Mama yako alifariki ukiwa na miaka kumi na mmoja. Ulipofika wakati wa kuwa mwali, bibi yako alishuka mwenyewe kuja kukuchukua. Alikuwa mzee sana, ameshika fimbo, na Deo pembeni yake. Hakuingia ndani kwa sababu mimi nilikuwemo. Alikaa kwenye kigoda uani, ametazama ukuta, akamwambia Deo aniambie kwamba amekuja kumchukua mjukuu wake, wiki tatu tu, za likizo. Sauti yake niliisikia moja kwa moja, lakini ilibidi nimsubiri Deo aje kunirudia maneno yale yale mlangoni. Nami nikamwambia Deo amwambie mama kwamba mtoto ana masomo ya ziada, ana mtihani, kwamba dunia imebadilika. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa nimekwisha kumpoteza mama yako, na nilidhani mlima ule ukikuchukua wiki tatu hautakurudisha. Pia niliona aibu, mwalimu mkuu mstaafu, binti yake awekwe ndani. Sijui ipi ilikuwa kubwa. Ulikuwa dirishani, nadhani ulimpungia mkono.

Bibi yako aliondoka bila kunywa maji. Mwaka uliofuata mvua za vuli hazikumkuta.

Ungekwenda, ungeusikia wimbo ule kwa masikio yako, kutoka kinywani mwake, na ungekuwa wako. Hiyo ndiyo hesabu inayonichanganya kila nikiifanya. Kile nilichokunyima bure ndicho nilichokuja kukupa baadaye kwa wizi.

Maana nilikupa. Baada ya kukisikia kifundo kile kupitia ukuta nilikaa siku nyingi, kisha nikafungua sanduku. Nilitaka nini? Nilitaka kujua kama saz inaweza kuufuata wimbo niliourudia ubaoni nikashindwa. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, na bado ndicho nilichokitaka. Uliposikiliza ulilia, ukaniuliza ni nani. Nikasema ni bibi yako. Ukaniuliza ilikuwaje nikawa nayo. Ulikuwa umekaa sakafuni, umenitazama kama ulivyokuwa ukinitazama ukiwa na miaka sita, na ningeweza kukuambia. Nikasema, "Bibi yako alinipa nikutunzie." Huo ndio uongo wa kwanza. Ulinishika miguu ukashukuru.

Saz ikaufuata. Hilo lazima nilikubali. Kile kifundo kilikaa juu ya sauti ya bibi yako kama mkono kwenye bega. Uliziweka pamoja, ukazitia ule mwangwi wako na ile midundo ya kompyuta, na mimi kupitia ukuta sikujua tena kipi ni cha Waturuki, kipi ni chetu, wala mimi ni nani pale, kijana wa kwenye migomba au mgonjwa wa kitandani. Ni kazi nzuri kuliko zote ulizofanya. Ningependa isiwe nzuri hivyo, ingenirahisishia.

Kisha ukaenda redioni hapa mjini. Mtangazaji akakuuliza sauti ya yule bibi umeitoa wapi, nawe kwa moyo safi ukasema, "Ni bibi yangu mzaa mama, alimpa baba yangu wimbo huu anitunzie."

Mjini watu walikupigia makofi. Kule mlimani, Meki, ulikuwa umesema kwamba Paskalia, mwenye kuwafunda wasichana, alimwimbia mkwe wake mwanamume wimbo wa ndani. Sijui kama unaona uzito wake, na kama huuoni kosa si lako, mimi ndiye niliyekufungia mlango wa mahali pa kuuona. Ni kama umesema juu ya marehemu jambo lisilosemwa. Na wimbo ulikuwa wa Felista. Ndiye mwali aliyekuwa ndani siku ile. Kuna mahali kwenye kaseti msichana mdogo anaitikia, sauti nyembamba, na wewe uliiacha. Felista alijisikia mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akitoka kwenye redio ya mwenye duka.

Wiki iliyofuata Deo alishuka. Wewe ulikuwa Dar es Salaam kwenye maonyesho. Alikaa pale unapokaaga wewe, akaweka kofia gotini.

"Shemeji," akasema, "mtoto amesema redioni kwamba mama alikupa wewe wimbo wa mwali. Mama, akupe wewe. Ni kweli?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Chai ilikuwa bado inamiminwa.

"Vijana wa sasa, Deo," nikasema. "Wakipewa maiki wanajisemea tu."

"Kaseti ameitoa wapi?"

"Vitu vya marehemu dada yako vimo humu ndani, havifungwi. Sijui alichukua nini."

Akanitazama. Akasema, "Haya." Akavaa kofia, na chai hakuimaliza.

Huo ndio wa pili. Kwa maneno yale mafupi nilikufanya wewe mwizi na mwongo, na dada yake aliyekufa nikamfanya mtu wa kutunza kitu kile kwa siri. Tangu siku hiyo wamekuwa wakikuitikia shikamoo na kukupa maji kwenye glasi. Miaka miwili umeona hayo, umehangaika, umepeleka vitenge. Miaka miwili nimekuona ukihangaika.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi mwenyewe na kila siku napata jibu tofauti. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya Deo, ambaye tangu mwanzo aliniona msomi wa maneno mengi. Niliogopa ungeufuta wimbo. Niliogopa usingenishika tena miguu. Hata leo kuna saa najiambia kwamba nilifanya vema kurekodi, kwamba isingekuwa mimi sauti ya bibi yako ingekuwa udongo tu, na wewe usingekuwa na cha kuwapelekea Waturuki ila nyimbo zao wenyewe. Halafu namkumbuka pale kwenye kigoda, ametazama ukuta, amekuja kwa miguu yake na umri wake kukuletea kitu kile kile mkononi, na mimi nikamwambia una mtihani. Naachia hapo kwa sababu sijui mbele yake kuna nini.

Wala usiniulize kama uiondoe sauti yake kwenye wimbo. Huko Istanbul watautaka, najua, umeniambia kwamba huo ndio uliomfanya mpwa wa Riza akuite. Ningekuwa na akili yangu ya zamani ningekuandikia kurasa mbili za nini ufanye. Sasa ninachojua ni kwamba si mimi wa kuulizwa, na kwamba yupo mtu aliye hai mwenye wimbo ule. Nilikaa miaka mingi nikidhani wimbo uko kwenye kaseti. Haukuwa huko. Felista yuko Matombo analima mananasi, na anao wote.

Leo asubuhi ulipokuwa unapanga mizigo nilitoka na simu mpaka nyuma kwenye kamba ya nguo, nikampigia Deo. Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri ya kuanzia. Yakapotea yote.

"Deo," nikasema, "mama hakunipa. Niliiba mimi. Meki alisema redioni kile nilichomdanganya."

Nilisikia kuku wa kwake. Nilidhani simu imekatika.

"Mtoto anajua?" akauliza.

"Bado."

"Basi mimi usinimalizie. Mwambie yeye kwanza. Kesho tutashuka na gari la asubuhi, useme mwenyewe, kwa kinywa chako, yeye akiwepo."

"Treni yake ni ya saa nane."

"Tutawahi."

Nikamuuliza kama Felista atakuja. Akasema, "Felista ana miguu yake," akakata.

Kwa hiyo barua hii nitakupa mkononi leo tukimaliza kula, na nitakuomba uende nayo chumbani. Sitakuwa na nguvu ya kukutazama ukiisoma, na hilo pia ni woga, liongeze kwenye mengine. Ukitaka kunigongea uniambie neno, mlango hautafungwa. Ukitaka usinisemeshe mpaka asubuhi, nitaelewa.

Kesho watakaa sebuleni. Sijui watakuwa wangapi. Sijui watanitoza nini, na chochote watakachosema nitakubali, ila nimemwomba Deo kwa ujumbe wa simu kwamba kisikuguse wewe. Hajajibu. Mkisha kusalimiana, usije kukaa kwangu kwa sababu naumwa. Vuta kiti ukae upande wao, karibu na mjomba wako, na kama Felista amekuja, karibu na Felista, hata kama atasogea. Mimi nitakuwa peke yangu upande wa dirishani, kama mkwe.

Najua umezoea kunimalizia sentensi maneno yanaponipotea. Daktari mwenyewe hukugeukia wewe. Kesho yatanipotea, najijua, nitakwama katikati na watu wote wananitazama, nawe utataka kunisaidia kwa sababu ndivyo ulivyo.

Usinisaidie, mama. Waache wanisubiri.

Baba yako